Flathedi ya Ford 8BA kwa hotrodi: maoni yangu baada ya kuiendesha Nairobi

Wasee wa magari ya zamani wamekuwa wakiniuliza sana ni injini gani ya kuweka kwa hotrodi kama unataka ile ya kitamaduni yenyewe, si ile ya kuchukua bodi ya mababu alafu unaficha injini ya kisasa ya Toyota (1UZ) chini ya boneti. Nimeona niandike yote mahali pamoja. Injini ninayoipitia hapa ni Ford V8 flathedi, ile ya 8BA iliyotengenezwa 1949 mpaka 1953, ndio iko kwa gari yangu saa hii, lakini nitaongelea pia zile zingine nilizoziangalia kabla sijatoa pesa maana huwezi kujua kama kitu ni kizuri bila kujua uliacha nini.

Jibu langu natoa mapema. Kwa Nairobi tafuta 8BA ambayo bloku yake haina ufa, na zile pesa ulitaka kununulia kabureta tatu na hedi za kung'aa zianzie kwa bloku na kwa njia za maji. Kama unataka gari ya kushuka Mombasa na kurudi bila kuwaza, weka injini ya Chevrolet 283 na hakuna mtu anaelewa magari atakulaumu.

Kwa wale wageni wa haya mambo, hotrodi zilitokana na vijana wa kusini mwa California miaka ya 1930 na 1940, walikuwa wanachukua Ford za bei ya chini, hasa ile ya 1932, wanatoa madigadi na kila kitu kizito, wanaenda kuzikimbiza kwa maziwa yaliyokauka kama Muroc. Hao ndio waliunda SCTA, chama chao cha kusimamia mbio hizo, mwaka wa 1937. Na walitumia flathedi kwa sababu ndio walikuwa nayo, 1932 Ford alileta V8 ya inchi za ujazo 221 na hosipawa 65 kwa gari ambayo mtu wa kawaida angeweza kununua, bloku nzima imemwagwa kipande kimoja, wakati V8 nyingi zilikuwa za magari ya matajiri. Flathedi maana yake valvu hazikai juu, ziko ndani ya bloku kando ya silinda, na hedi ni kama kifuniko cha sufuria tu, haina chochote ndani zaidi ya maji na matundu ya plagi. Kwa hivyo tukisema kitamaduni tunamaanisha injini ambayo wale vijana wangeweza kuipata wakati wao, mimi mpaka wangu ni mwanzo wa miaka ya 1960, hapo mbele ni gari nyingine.

Na msifikirie hii injini ni mgeni Kenya. Wakati wa vita vya pili vya dunia lori za kijeshi za Ford zilizotengenezwa Canada zilikuwa na hii V8, hata vile vifaru vidogo vya Bren Carrier viliibeba hiyo hiyo. Baada ya vita Ford ya Uingereza ikauza V8 Pilot, 1947 mpaka 1951, usukani upande wetu, inchi 221. Ndio maana mpaka leo ukiuliza wazee huko Nakuru na Kitale unaweza kuonyeshwa flathedi imelala nyuma ya stoo. Kuna kitu kimoja kizuri na kibaya kwa hizo za mashambani: kule Marekani bloku nyingi zilipasuka kwa baridi, maji yaliganda ndani. Hapa hakuna barafu, lakini zetu zimepasuka kwa joto, zilitiwa maji ya mto miaka na miaka, themostati zikatolewa, zikachemshwa zikabeba mizigo hivyo hivyo. Kwa hivyo usiamini mtu akikuambia hii ni ya hapa haiwezi kuwa na ufa.

Ya kwanza kuangalia ilikuwa 59A, ile ya 1946 mpaka 1948, inchi 239, hosipawa 100. Kwa macho hakuna flathedi nzuri kuliko hii, bomba za maji zinatoka katikati ya hedi, ndio sura watu wanaijua. Muuzaji mmoja hapa mjini alikuwa nayo imepakwa rangi ya kijani inang'aa, na bei yake ilikuwa ya injini iliyokamilika. Nilienda na mzee wangu wa mashine kutoka Industrial Area, mtu ameshughulika na bloku za Bedford na Leyland tangu ujana, na kabla hata sijafungua mdomo akaniambia, "Kijana, usimpe hata shilingi mpaka nipake dawa." Hedi zilikuwa zimetolewa tayari. Akasugua rangi kwa waya mpaka chuma kikaonekana, akasafisha na thina, akapulizia ile dawa nyekundu ya kuonyesha ufa kuzunguka siti za valvu (pale valvu hukaa ikifunga), tukangoja, akapangusa na kitambaa kavu, alafu akapulizia ile nyeupe ya unga. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha ikaanza kutoka, mstari mwekundu mwembamba kama uzi kutoka siti ya egzosi mpaka ukingo wa silinda, na silinda ya pili yake hivyo hivyo. Muuzaji akasema hiyo ni mikwaruzo tu. Mzee akapangusa akarudia, mstari ukarudi palepale. Tukamshukuru tukaenda zetu.

Hapo ndio flathedi hupasuka, kati ya siti ya egzosi na silinda, na kuzunguka matundu ya bolti za hedi. Zile ndogo za kwa bolti zinaweza kurekebishwa na fundi anayejua kushona chuma kwa pini, na silinda inaweza kuwekwa slivu, lakini ukikuta imefika kwa siti na silinda na njia ya egzosi zote pamoja achana nayo kabisa. Hiyo dawa ya rangi inauzwa, si ya bei kali, na muuzaji akikataa usipake umeshapata jibu.

Hata ingekuwa nzima bado 59A ingenipa shida kwa sababu mbili. Nusu ya nyumba ya klachi imemwagwa pamoja na bloku, kwa hivyo gia boksi unayoweza kufunga ni za Ford za wakati huo au utafute adapta ya bei mbaya. Na distribyuta yake iko chini mbele, inaendeshwa moja kwa moja na kamshafti, kuiset vizuri inataka mashine maalum ya mezani ambayo hapa sijui mtu anayo. 8BA imemaliza zote mbili: nyumba ya klachi ni kipande chake unafungua kwa bolti, na distribyuta imesimama juu kama ya gari yoyote, unalegeza unageuza unakaza.

Kutofautisha ni rahisi. Za zamani zilikuwa na stadi 21 kila hedi, baadaye kutoka karibu 1938 zikawa 24, na 8BA ina bolti 24 badala ya stadi, na maji yanatokea mbele ya hedi. Ukihesabu 17 ujue hiyo ni V8-60, ile ndogo ya inchi 136 na hosipawa 60, iliuzwa 1937 mpaka 1940. Inavutia, ni nyepesi, wengine wataiita flathedi ya bei rahisi, lakini kwa mlima wa hapa usijitese.

Za Oldsmobile Rocket ya 1949, Cadillac 331 ya mwaka huo huo, Chrysler Hemi ya 1951 na Buick zile za valvu zimesimama wima za 1953 kuendelea nazipenda zote, ni injini za heshima na wale vijana wenyewe walizikimbilia walipopata pesa. Lakini ni nzito, na kila gasketi unaagiza. Kwa Nairobi sioni sababu labda uwe tayari unayo.

Chevrolet ndio mashindano ya kweli. Ilitoka 1955 na inchi 265, hosipawa 162 ile ya kawaida kabisa, na kwa uzito ni karibu sawa na flathedi, sasa hapo unaona ni kwa nini ilizika flathedi ndani ya miaka michache tu. 1957 ikaja 283. Nilipata moja imekuja kwa kontena, kamili, hata stata iko, na kusema ukweli nilikaa nayo kichwani muda mrefu. Spea zake bado zinatengenezwa mpaka leo, pistoni, ringi, beringi, gasketi, kila kitu, na fundi yeyote aliyewahi kufungua injini ya valvu juu ataielewa. Kama utaichukua zingatia mambo mawili. Ile 265 ya 1955 bloku yake haina mahali pa filta ya oili, tafuta ya 1956 kuendelea. Na hedi zake siti zimechongwa kwa chuma chenyewe cha hedi, zilitengenezwa enzi za petroli ya risasi, hapa kwetu petroli ya risasi iliisha kitambo, kwa hivyo weka siti ngumu upande wa egzosi kabla hujafunga. Flathedi nyingi zilitoka kiwandani na siti ngumu upande wa egzosi.

Mbona basi sikuchukua 283? Gari yangu ni Ford ya 1934, haina boneti, injini inaonekana barabarani na kila mtu. Nilitaka mtu akisimama kando yangu hapo Museum Hill aone kile ambacho kingekuwa hapo 1950. Na sauti. Flathedi ina matundu matatu ya egzosi kila upande kwa silinda nne, zile mbili za katikati zinashiriki mlango mmoja, kwa hivyo inanguruma isiyo sawa, nzito, chini chini, hakuna V8 nyingine inalia hivyo. Hiyo kwangu ina thamani na siombi msamaha.

Sasa shida yenyewe, joto, na hapa nitakaa kidogo maana ndio imeharibia hii injini jina. Ile moshi ya egzosi haitoki moja kwa moja kama kwa injini za kisasa, inapita ndani ya bloku katikati ya maji mpaka pembeni ndio itoke. Kwa hivyo maji yanabeba joto ambalo hayakupaswa kubeba. Ongeza na Nairobi: tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, maji hapa yanachemka karibu digrii 94 au 95, si 100. Umeshapoteza digrii tano kabla hujawasha gari. Kifuniko cha rejeta cha pauni 7 kinakurudishia kama digrii 11 au 12 hivi, kwa hivyo usikubali rejeta ya wazi eti ndio ya kitamaduni, fundi wa rejeta akuwekee shingo ya kushika presha na hakuna mtu ataona tofauti.

Lakini dawa kubwa iko ndani ya bloku. Yangu ilitoka shambani, tulipaka dawa ikatoka safi isipokuwa kaufa kadogo kwa tundu moja la bolti kakashonwa. Kisha mzee akaitumbukiza kwa pipa la kostiki soda, na ilipotoka akaanza kuchokoa njia za maji na waya wa chuma kupitia kila tundu. Kilichotoka ni kutu kama matope, alafu mchanga mweusi mgumu. Huo mchanga ulikuwa wa kalibu ya kiwandani, umekaa humo tangu bloku imwagwe, pamoja na kipande cha waya wa kalibu chenye urefu wa kidole. Ulikuwa umejaa nyuma kabisa, kwa silinda za mwisho kila upande, ambako maji yanapita kwa shida. Fundi akikuambia ameosha bloku muulize ametoa nini, na kama hakuna mchanga wowote aliokuonyesha mwambie arudie.

Kitu kingine, flathedi ina pampu mbili za maji na themostati mbili, moja kila upande. Mafundi wetu wanapenda kutoa themostati, ukiwapa injini inayochemsha hiyo ndio huwa ya kwanza kutupwa. Kwa flathedi usikubali, pande mbili hazilingani, na asubuhi za Julai injini haipati joto lake. Weka zote mbili na za digrii sawa.

Kwa upande wa nguvu, hesabu ya kawaida ni kwamba injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 3 kila futi 1,000, kwa hivyo ile hosipawa 100 ya kitabuni hapa Nairobi ni kama 84 hivi. Njia ya heshima ya kuirudisha ni krenki ya Mercury. Mercury ya 1949 mpaka 1953 ilikuwa na krenki inayosukuma pistoni mwendo wa inchi 4 badala ya 3¾ na inaingia kwa bloku ya 8BA, unatafuta tu pistoni zake. Hiyo peke yake na silinda za kawaida inakupa inchi 255. Ukitanua silinda kutoka 3 na 3/16 mpaka 3 na 5/16 unafika 276, ile saizi iliyopendwa sana na wale wa zamani. Mimi nilitanua kidogo tu kuondoa kutu, sikufika huko, kwa sababu kila chuma unachotoa kinapunguza ukuta na ukuta mwembamba ni joto tena. Mtu akikuuzia krenki akuambie ni ya Mercury pima mwenyewe, mambo ya kuamini mdomo acha.

Kabureta ni Stromberg 97 mbili. Jina linatokana na koo lake la inchi 0.97. Jeti zake za kawaida ni 45, na kwa hewa yetu nyembamba zilikuwa zinamwaga mafuta, plagi nyeusi, harufu mpaka kwa nguo. Tukashuka saizi mbili tatu na gari ikaamka. Mtu akikutengenezea kabureta kwa vitabu vya Los Angeles au akaset akiwa Mombasa, ukifika Nairobi utaset tena. Kompresheni ya 8BA ni ya chini, kama 6.8 kwa 1 kwa zile za kwanza, kwa hivyo super ya kawaida ya petrol stesheni yoyote inaitosha.

Barabarani: mjini ni raha tupu. Nguvu yake iko chini, unaweka gia ya tatu pale Uhuru Highway na unaisahau, haitaki kurushwa rushwa. Jam ya kawaida inavumilia, mkono wa geji ya joto unapanda alafu unatulia. Thika Road nikienda kilomita 90 iko sawa kabisa, zaidi ya hapo inafanya lakini unasikia haifurahii. Kipimo chenyewe ni kupanda kutoka Mai Mahiu nyuma ya trela, spidi ya mtu anayetembea, jua la saa nane. Hapo mkono ulienda juu kuliko ninavyopenda lakini haikumwaga maji, na ilipofika kule juu kwenye ule upepo wa baridi ikashuka yenyewe. 283 hapo isingejua hata kama kuna mlima, lazima niseme ukweli.

Yale siyapendi: inakunywa mafuta, hilo halina dawa. Filta ya oili inapitisha sehemu tu ya oili si yote, kwa hivyo mwaga oili mapema kuliko gari nyingine, mimi sisubiri ichafuke. Umeme wa volti 6 na chanya kwa bodi unachanganya kila mtu wa waya, badilisha uwe 12 ukiwa bado unajenga. Spea hupati Kirinyaga Road, utapata oili sili, kamba za feni, hosi na bolti, lakini gasketi za hedi, valvu na gaidi zake (vibomba ambamo valvu hupanda na kushuka) unaagiza Marekani, na ukijumlisha usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16 agiza zote pamoja kwa safari moja. Ikijengwa vizuri mpaka mwisho bei yake ni ya Probox safi, na ukisikia mtu anakuuzia iliyojengwa kwa nusu ya hapo kapake dawa.

Kwa mafundi nitasema hivi, tuna watu Nairobi wanaweza kufanya hii kazi na kuimaliza. Kutanua silinda, kusaga krenki, kubadilisha gaidi, kusawazisha, yote yalifanyika Industrial Area na hakuna kilichopelekwa nje. Wanachohitaji ni vipimo, kwa hivyo wapelekee vipimo vilivyochapishwa kwa karatasi, kwa milimita, usiwape inchi za mdomo. Pia tafuta mzee aliyeshika injini za valvu za pembeni, kwa sababu kuset hizi valvu ni kusaga ncha ya valvu mpaka nafasi ikubali, hazina skrubu za kurekebisha kama hukununua tapeti (zile zinazosukuma valvu) za kisasa zenye skrubu. Nunua hizo tapeti. Zitakuokolea saa nyingi sana na mzee atakuombea mema.

Alama zangu: kwa sura na sauti kumi kwa kumi, kwa kuendesha mjini nane, kwa safari ndefu sita, kwa spea nne. 283 ningeipa saba, tisa, tisa na tisa. Mimi bado ningenunua 8BA tena.

Kama umeshaamua na umeweka hedi za aluminiamu, Offenhauser au Edelbrock, ukishaiwasha mara ya kwanza ikapata joto iache ipoe kabisa mpaka kesho yake ndio ukaze bolti tena, kwa mpangilio kutoka katikati kwenda nje. Za chuma unakaza ikiwa moto, za aluminiamu ikiwa baridi. Rudia mara kadhaa mpaka zikatae kusogea, na kila bolti ipake silanti kwenye nyuzi kwa sababu nyingi zinaingia hadi kwenye maji.